Mafunzo ya Kujilinda kwa Ajili ya Dharura: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa na mtu ambaye tayari ana akiba ya maji, tochi, redio na sanduku la huduma ya kwanza, kisha usiku mmoja linamjia wazo: je, mtu akinivamia? Nimefanya mazoezi ya kupambana kwenye mkeka kwa miaka kumi na sita, kwanza nikiwa mwanafunzi, baadaye mkufunzi msaidizi. Haya ndiyo majibu ninayowapa watu wanaoniuliza kabla hawajajiandikisha popote.

Mtu anayejiandaa kwa dharura anahitaji kweli kujua kupigana?

Anahitaji, ingawa sababu yake mara nyingi ni tofauti na ile anayoifikiria. Wengi huona picha ya mji uliopigwa na janga, umeme umekatika, na kila jirani amegeuka mnyang'anyi. Mwaka 1963 Enrico Quarantelli na wenzake walianzisha kituo cha utafiti wa maafa katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, na kwa miaka mingi walikwenda kwenye maeneo yaliyokumbwa na majanga kuangalia watu wanafanya nini hasa. Walikuta kwamba walio wengi hawapagawi wala hawageukiani. Wa kwanza kufukua vifusi huwa ni majirani na wapita njia. Uporaji upo, lakini ni nadra kuliko tunavyosimuliwa.

Kinachoumiza watu wakati wa dharura kwa kawaida ni mambo madogo: kuteleza gizani, kuporomoka ngazini, kukanyaga vioo, kumbeba mgonjwa kwa mgongo uliozoea kukaa kitini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka. Kwa hiyo darasa zuri litakulipa hata kama hutashambuliwa maisha yako yote. Utajua kuanguka bila kuvunjika mkono, kuinuka upesi, kumburuta mtu mzito kuliko wewe, na kufikiri huku moyo unadunda. Anza na maji, huduma ya kwanza, na makubaliano ya nyumbani kuhusu mtakutana wapi mkipoteana. Mafunzo ya kujilinda yafuate hapo.

Mtindo upi ni bora kuliko yote?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na kila mara nalijibu kwa swali jingine: katika darasa hilo, je, mwenzako anakukatalia?

Nieleze. Nilianza kwenye darasa ambalo tulijifunza kuchomoa mkono ulioshikwa. Mwenzangu ananishika, mimi nazungusha kifundo, yeye anaachia, tunainamiana. Tulifanya hivyo miezi minane, na nilikuwa nafanya vizuri. Kisha siku moja kijana wa miaka kumi na sita, mwanamieleka wa mwaka mmoja tu, alinishika mkono uleule akiwa na nia ya kutoniachia. Nilizungusha kifundo, naye akasogea nacho. Nikavuta, akanifuata, akaingiza bega lake kifuani mwangu, na kabla sijajua cha kufanya nilikuwa chini natazama dari. Mbinu niliyofundishwa haikuwa ya uongo. Tatizo ni kwamba sikuwahi kuifanya dhidi ya mtu asiyetaka ifanikiwe.

Mwalimu mmoja wa Kijapani aliligundua hili zamani sana. Kanō Jigorō alipoanzisha judo, mtindo wa kushikana na kuangushana, mwaka 1882, kwenye chumba cha mikeka kumi na miwili ndani ya hekalu mjini Tokyo, aliziondoa mbinu za hatari kwenye mazoezi ya kupambana. Zilizobaki wanafunzi wake walizifanya kwa nguvu zote, kila siku, dhidi ya mwenzao anayepinga. Shule za zamani ziliendelea kufundisha mbinu za kuua, lakini kwa kuwa haziwezi kujaribiwa kwa mwenzako bila kumlemaza, zilibaki kufanywa kwa taratibu zilizopangwa. Walipokutana kushindana, wanafunzi wa Kanō walijijengea sifa haraka. Mbinu salama uliyoifanya mara elfu mbili kwa jasho itakuja yenyewe siku ya shida. Ile ya kutisha uliyoifanya hewani haitakuja.

Kwa hiyo usichague jina la mtindo. Chagua darasa ambalo ndani ya kila kipindi, au kila wiki kwa uchache, mnapambana kwa mazoezi na mtu anajaribu kweli kukushinda.

Basi nitajie walau faida na kasoro za kila mtindo.

Ndondi hukufundisha mapema kuliko mtindo mwingine wowote jinsi ya kupigwa usoni bila kufumba macho na kugeuza kichwa. Miguu yake ni dhahabu: unajua kusogea, kutoka pembeni, kupima umbali. Kasoro yake ni mkono mtupu. Bondia hufunga bendeji na kuvaa glavu. Mtaani, ngumi iliyotua kwenye fuvu huvunja mara nyingi mfupa wa kiganja ulio nyuma ya kidole cha mwisho. Ukifanya ndondi, jifunze pia kupiga kwa kitako cha kiganja.

Muay thai, yaani ndondi ya Thailand, inaongeza viwiko, magoti, na kushikana shingo kwa shingo, hali ambayo ugomvi wa kweli huingia baada ya sekunde chache.

Judo na mieleka hukufanya mgumu kuangushwa. Ukiangushwa, unaanguka vizuri. Mtu asiyejua kitu hana jibu kwa mtu anayejua kumkata mtama.

Jujitsu ya Brazili, mtindo wa kupambana mkiwa chini, ilipata jina duniani Novemba 1993, Royce Gracie alipowashinda watu watatu usiku mmoja huko Denver katika mashindano ya kwanza ya UFC, yanayokutanisha wapiganaji wa mitindo mbalimbali, naye hakuwa mkubwa wa mwili. Wote watatu walisalimu amri. Ni shule bora ya kubaki mtulivu ukiwa umekaliwa kifuani. Lakini kumbuka alikuwa anapigana na mtu mmoja, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuingia. Nje, ukilala chini kumpiga mtu kabali, rafiki yake anaweza kukukanyaga kichwa. Mwombe mwalimu akufundishe kwanza kuinuka, halafu hayo mengine.

Krav Maga, mfumo wa kujilinda uliotoka jeshi la Israeli, ina mtazamo sahihi: piga, toka, kimbia. Imi Lichtenfeld aliijenga kwa ajili ya askari waliokuwa na muda mfupi wa kufundishwa. Tatizo ni kwamba ubora wa madarasa hupishana kama mbingu na ardhi. Liulize swali langu la mwanzo kwa makini zaidi hapa kuliko kwingine.

Karate hutegemea mwalimu. Kyokushin, ambamo watu hupigana mwili kwa mwili kwa nguvu zote, na darasa la kucheza kata tu, yaani miondoko iliyopangwa bila mpinzani, ni vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Aikido, mtindo wa Kijapani wa kukunja viungo na kurusha, ni nzuri kwa mwili na kwa kuanguka, lakini kama lengo lako ni kujilinda ndani ya mwaka mmoja au miwili, sikuelekezi huko.

Nitalitambuaje darasa zuri nikienda kuangalia?

Nenda ukae pembeni kipindi kizima. Mwalimu akikukataza kutazama, umeshapata jibu.

Angalia wanafunzi wapya wanafanya nini. Kwenye darasa zuri, saa ya kwanza yao huishia kwenye kuanguka. Kidevu kinabanwa kifuani ili kisogo kisipige sakafu, pumzi inatolewa, mgongo unakunjwa kama upinde, na mkono mzima unapiga mkeka pembeni ya mwili badala ya kunyooshwa nyuma. Mkono ulionyooshwa ndio unaovunjika kifundo. Mwalimu anawaanzisha wakiwa wamechuchumaa, halafu wamesimama. Ukiona mgeni anarushwa kabla hajafundishwa hivyo, ondoka.

Sikiliza wanapopambana. Utasikia miguno, utasikia mtu anagonga mara mbili kuashiria ameshindwa, na utaona mwenzake anaachia papo hapo. Sekunde hiyo moja inakuonyesha tabia ya darasa kuliko vyeti vilivyo ukutani. Kabali inayobana mishipa ya shingo humpotezea mtu fahamu kwa takribani sekunde kumi, hivyo uaminifu wa kuachia ni uhai wa watu.

Kisha tazama wakongwe wanavyowashika wadogo na wanyonge. Mwanafunzi mzito mwenye mkanda mweusi anapofanya mazoezi na mama wa kilo hamsini, je, anapunguza nguvu lakini anaendelea kumpa kazi? Hapo pana walimu wa kweli. Mahali pengine wakubwa huwatumia wageni kama begi la kupigia ngumi.

Dalili gani zinifanye nisirudi?

Mwalimu anayesema mbinu zake ni hatari mno kufanyiwa mazoezi ya kupambana. Anayekutoza miaka miwili mbele siku ya kwanza. Anayeahidi mkanda kwa tarehe. Anayecheka mtu akiumia. Anayewashika wanafunzi wa kike bila kuomba wala kueleza, au anayetaka kumfundisha mtoto faragha bila mzazi kuruhusiwa kutazama. Hili la mwisho halina mjadala.

Semina ya siku mbili inatosha?

Kwa ustadi wa mwili, hapana. Mikono husahau ndani ya wiki chache. Lakini sipendi kuzidharau semina zote, maana ipo aina yenye ushahidi mzito. Mwaka 2015 Charlene Senn na wenzake wa Kanada walichapisha matokeo ya mafunzo ya jumla ya saa 12 kwa wanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza vyuoni. Walishiriki wanawake 893. Katika mwaka uliofuata, walioripoti kubakwa walikuwa asilimia 5.2 kati ya waliofunzwa, na asilimia 9.8 kati ya waliopewa vipeperushi tu.

Ukiangalia walichofundishwa, mapigo yalikuwa sehemu tu. Muda mwingi ulikwenda kwenye kutambua mapema hila za mtu wanayemfahamu, kuvuka ile aibu ya kumkatalia mtu wa karibu, na kutumia sauti na mwili bila kusitasita. Ukipata semina inayogusa hayo, nenda. Ile inayokufundisha mbinu ishirini kwa mchana mmoja na kukupa cheti, iache.

Nikikabiliwa na kisu?

Mpe anachotaka kama ni mali. Mwenye nguvu mpishe, walisema wazee, na kisu ni nguvu. Kama anakutaka wewe, kimbia, au weka kitu kati yenu: gari, meza, kiti, begi.

Mwaka 1983 Dennis Tueller, askari polisi wa Salt Lake City, aliandika kuhusu jaribio lake: mtu wa kawaida aliyeshika kisu hukimbia mita sita na ushei kwa takribani sekunde moja na nusu, muda ambao askari hutumia kuchomoa bastola yake na kufyatua. Kama mwenye bastola hana nafasi ya kutosha, jiulize wewe mwenye mikono mitupu una nafasi gani.

Unataka kujua mbinu zako za kunyang'anya kisu zina thamani gani? Vaa fulana nyeupe kuukuu, mpe mwenzako kalamu nene ya wino, mwambie akuchome atakavyo, bila kuganda mkono umenyooka kama picha ya kitabuni. Baada ya nusu dakika hesabu alama. Nimeifanya mara nyingi na watu wenye uzoefu wa miaka mingi, na sijawahi kuona fulana iliyotoka safi. Mwalimu anayefundisha kisu kwa uaminifu ataanza na jaribio hilo, halafu atakufundisha kukimbia.

Itakuwaje mwili wangu ukiganda?

Kuganda ni kawaida, na hakumaanishi woga wa kuzaliwa nao. Homoni ya hatari ikimwagika mwilini, moyo huenda mbio, macho huona kama kupitia bomba, masikio huweza kupoteza sauti, na vidole hushindwa kazi ndogo kama kuingiza ufunguo kwenye tundu. Mbinu zenye hatua saba hufa hapo. Hubaki mambo makubwa: kusukuma, kupiga kwa kiganja, kukumbatia na kuangusha, kukimbia.

Dawa yake ni kuionja hali hiyo kidogo kidogo mahali salama. Mara ya kwanza mtu mwenye kilo tisini anapokulalia kifuani, utahisi hewa imekwisha. Haijakwisha. Kuna nafasi ndogo ukigeukia ubavu, pumzi fupi zinapita puani, na kiwiko chako kinaweza kutengeneza pembe kati yake na mbavu zako. Mara ya kwanza utagonga mkeka baada ya sekunde tano. Mara ya thelathini utakuwa umelala pale unafikiria utokeje, na hilo ndilo unalolitafuta.

Jifunze pia maneno. Viganja wazi mbele ya kifua, mguu mmoja nyuma, sauti ya juu: "Sitaki ugomvi! Rudi nyuma!" Inaonekana rahisi mpaka umwambie mtu anayekujia. Wanafunzi wangu wengi, wanaume kwa wanawake, sauti huwakwama mara ya kwanza, kwa hiyo tunaifanyia mazoezi kama tunavyofanyia teke.

Nina umri wa miaka 50, nina uzito mkubwa, sijafanya mazoezi kwa miaka. Nimechelewa?

Hujachelewa. Muone daktari kwanza, hasa kuhusu moyo, presha na magoti. Mwambie mwalimu ukweli kuhusu mwili wako, anza mara mbili kwa wiki, na usione haya kupumzika mzunguko mmoja. Kwa umri huo, kujua kuanguka na kuinuka kutoka sakafuni ni faida inayoweza kuzidi zote.

Wanawake wajifunze peke yao?

Darasa la wanawake ni mlango mzuri kwa anayehitaji utulivu kuanza, na kwa mtu aliyewahi kudhuriwa huenda ndilo pekee analoweza kuingia. Ila baadaye, akiwa tayari, apate pia kupambana na watu wazito na warefu kuliko yeye, maana huenda huyo ndiye atakayemkuta. Haraka ya nini? Aamue mwenyewe lini.

Na watoto?

Judo, mieleka au jujitsu, kwa sababu wanaweza kucheza kwa nguvu bila kupigana ngumi za kichwa. Kujilinda kwa mtoto ni kukimbia, kupiga kelele na kumwambia mtu mzima anayemwamini. Mfundishe hayo nyumbani, yarudiwe.

Nitaumia?

Utapata michubuko, vidole vitavimba, na kuna siku mbavu zitakuuma. Hayo yanavumilika. Kichwa ndicho kisichovumilika. Mtu akipigwa kichwani kisha akaona mawili mawili, akahisi kichefuchefu, akasahau kilichotokea au akawa mzito kujibu, anatoka siku hiyohiyo, hata aseme yuko sawa. Aende kwa daktari, na arudi pole pole baada ya kuruhusiwa. Pigo la pili kabla ubongo haujapona linaweza kuua. Madarasa yanayopigana kwa nguvu zote vichwani kila wiki yanaharibu kitu kilekile unachotaka kukilinda. Sparingi, yaani mapambano ya mazoezi, iwe nyepesi mara kwa mara, nzito kwa nadra, na kinga ya meno kila mara.

Nitaweza kujilinda baada ya muda gani?

Miezi sita ya kuhudhuria mara mbili kwa wiki hubadilisha mtu: anasimama imara, haogopi kugusana, anajua kuanguka. Mwaka mmoja hadi miwili, mtu asiye na mafunzo atapata taabu kukushinda kama hamjapishana sana uzito. Ndiyo sababu ukaribu wa darasa na nyumbani ni kigezo kikubwa kuliko sifa za mwalimu wa mbali. Darasa la wastani unalolifikia kwa dakika kumi utaliendea hata siku ya mvua.

Sheria inasemaje?

Kila nchi ina yake, na unapaswa kujua ya kwako kabla ya kubeba chochote. Lakini mambo matatu hurudiwa karibu kila mahali: hatari iwe ipo sasa hivi, nguvu iwe ya lazima, na isizidi kipimo cha hatari. Ukimpiga mtu aliyekwisha kuanguka na kutulia, umetoka kwenye kujilinda. Baadhi ya sheria hutaka urudi nyuma kama unaweza. Nyingine, kama ya jimbo la Florida tangu 2005, hazikulazimishi. Mimi nakushauri urudi nyuma hata pale usipolazimishwa. Baadaye wapigie polisi wewe mwenyewe, usiondoke ukawaacha wengine waeleze.

Kuna kitu cha kujifunza sambamba na haya?

Kuzuia damu. Damu inayotoka kwa kasi kwenye mshipa mkubwa huua kwa dakika chache, mara nyingi kabla gari la wagonjwa halijafika. Kozi fupi ya saa chache itakufundisha kukandamiza jeraha kwa uzito wa mwili wako wote, kulijaza kitambaa safi, na kufunga turniketi, yaani mkanda wa kukaza ili kuzuia damu: sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha la mkono au mguu, kamwe si kwenye kiungio kama kiwiko au goti, inakazwa mpaka damu isimame, na saa uliyoifunga inaandikwa. Itauma sana. Usiilegeze. Ningekuwa na mwanafunzi mwenye wikendi moja tu ya kujifunza, ningempeleka kwenye kozi hii kabla ya kumfundisha ngumi.

Siku ya kwanza niende na nini?

Kata kucha za mikono na miguu ziwe fupi kabisa. Vua pete, hereni, saa na mkufu, uviache nyumbani. Vaa suruali isiyo na zipu wala mifuko, na fulana ambayo hutasikitika ikichanika. Chukua maji, taulo, na ndala za kuvaa ukitoka kwenye mkeka ili usirudi na uchafu wa chooni. Fika robo saa mapema, mwambie mwalimu jina lako na mahali palipowahi kuumia. Akikupa mwenza wa kufanya naye mazoezi, mwambie ni mara yako ya kwanza, na mkubaliane kabla ya kuanza mtagongaje.